Salamu Zako Kutoka Mlimani

Mjomba Salehe,

Kwanza pokea mzigo wako. Nimeuweka chumbani kwako, chini ya dirisha, maana kitandani mama kakataza mtu kuweka hata kofia. Kuna mkungu wa ndizi, maharage ya Mzee Mkude, chupa ya dawa ya mguu, na jogoo mwekundu ambaye ameshauchafua mkeka wako mara mbili. Leo alfajiri kawika. Mama akatoka na kanga yake, akauliza, "Idi, huyu jogoo wa nani?" Nikamjibu, "Wa Mjomba." Dada yako alisimama pale mlangoni mpaka nikaogopa. Halafu akaenda kumtafutia mtama. Hajauliza tena.

Usinicheke mwandiko. Darasa la sita niliacha mwenyewe, hakuna aliyenifukuza, na Temeke yote hii wanaonizidi kuandika hawafiki kumi. Na hao wenyewe ni walimu.

Mie ndiye niliyewapandisha wazungu safari hii, Mjomba. Masika ilipokata tu, bosi wa ofisi ya utalii alituma mtu nyumbani. Nilipofika akaniambia, "Marehemu alikuwa anazijua njia za Uluguru zote. Wewe unazijua?" Nikamwambia nazijua kama mifuko ya suruali yangu. Sikumwambia kwamba mara zote tano nilizopanda na wewe nilikuwa nyuma na masufuria, naangalia visigino vyako tu. Lakini ndiyo hivyo, kumbe visigino vyako vilikuwa vinanifundisha njia.

Nikanunua buti za mitumba, Mjomba! Buti za ngozi, za kupandia mlima, soli kama tairi la trekta. Ungeziona ungekufa kwa wivu. Samahani. Ungeziona ungenuna. Wewe na makatambuga yako ya tairi ulikuwa unanicheka, "Mlima haujui bei ya kiatu." Basi tulipowachukua wageni kule hotelini Mbezi Beach nikashuka kwenye gari polepole ili wazione. Walikuwa saba, watu wazima wote, na mmoja bibi mwenye fimbo mbili. Tulipofika Morogoro tukaanza kupanda, na kabla ya adhuhuri nilikuwa na malengelenge miguu yote miwili. Yule bibi wa fimbo akanipita. Alinipita, Mjomba, na akanipa pole kwa Kiswahili.

Ila kazi niliifanya. Ulisema nikisahau jina la kilima ninyamaze, nisidanganye wageni. Mie nikakipa jina langu. Sasa kuna wazungu saba wanarudi kwao wakijua Tanzania kuna kilima kinaitwa Idi.

Hilo si kosa ninalotaka kukuambia.

Unakumbuka mara yangu ya kwanza, nilivyoingia uani kwa Mzee Mkude nikaomba maji kabla hata sijakaa? Ulinivuta shati mbele ya watu. Ulinifundisha siku ile kwamba nyumba za huko haziingiwi mikono mitupu, na cha kubeba si sukari wala chumvi. Ni habari. Unatua mzigo, unakaa, unatoa habari za ulikotoka zote: nani kaoa, nani kaumwa, nani kafiwa. Ndipo wageni wanatandikiwa mikeka. Ulisema, "Huku juu redio haitaji watu wa Temeke. Redio ni mimi. Na redio ikisema uongo mara moja, watu wanaizima." Miaka yote ile uliyokuwa unapanda kununua karoti na kabichi za kuuza soko la Stereo hapa Temeke, kabla mambo hayajafunguliwa na kila mwenye meza na simu kuwa na ofisi ya utalii, ulilala nyumba zile bure kwa sababu ya habari zako tu.

Basi nikafika kwa Mzee Mkude. Nikamwamkia, nikatua mzigo, nikakaa kama ulivyonifunza. Wazungu wamejitupa chini, wanahema. Mzee akauliza, "Habari za mjini? Mjomba wako hajambo?"

Mdomo wangu unaujua. Haujawahi kukosa neno. Nikasema, "Hajambo."

Sijui ilitokaje. Nilikuwa nimepanga kusema, njia nzima nilikuwa nalizungusha lile neno. Lakini alivyoniuliza alikuwa anacheka, ameshaanza kutafuta kile kigoda chako kifupi. Na mie, Mjomba, nikaona raha. Huku Temeke umekufa kila mahali. Umekufa sokoni, umekufa msikitini, hata watoto wa jirani wanajua. Lakini kwa Mzee Mkude ulikuwa mzima bado. Ulikuwa na kigoda. Nikasema moyoni, nikifungua mdomo nitakuua mara ya pili, na safari hii muuaji ni mie.

Akauliza kwa nini hukuja. Nikasema mguu unakusumbua kidogo. Akanifungia maharage. "Mwambie nilimwekea ya mbegu, yale anayoyapenda."

Siku ya pili tukafika kwa Mama Felista. Uongo unapanda mlima upesi kuliko mbuzi, maana nilipofika nikakuta habari ya mguu wako imeshanitangulia. Alikuwa amesimama njiani ananisubiri. "Mguu gani? Wa kulia? Unavimba jioni au asubuhi?" Nikasema wa kulia, jioni. Akachimba mizizi, akaitwanga, akaichemsha, akanipa chupa na masharti: usile pilipili siku saba. Na mkungu wa ndizi juu yake. Nilikuwa nimebeba sufuria, maharage, ndizi na dawa ya mguu wa mtu ambaye hana tena safari. Kila nyumba ninayosema hajambo, mzigo unaongezeka. Wazungu wakawa wananipiga picha.

Siku ya tatu buti zilinishinda. Nikakaa kwenye jiwe, nikazivua, nikatoa makatambuga yako ndani ya begi. Ndiyo, niliyaiba. Yalikuwa yananing'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wako, na mama alikuwa hajui. Niliyachukua nipande nayo tu, si kuyavaa. Nikayavaa. Yananitosha, Mjomba. Sikujua.

Nikaingia nayo kwa Bibi Agata.

Mtani wako yule hajabadilika. Kabla sijaamkia ameshaanza, "Leo Wazaramo wameleta mtoto! Yule mvivu wao kalala mjini anakula samaki, hata jogoo wake kamsahau!" Jogoo alikuwa pale uani, yule uliyemchagua akiwa kifaranga ukasema akikua mtamla pamoja. Wageni wakacheka bila kujua wanacheka nini. Akaendelea, "Mwambie akifa bila kuniita nitamfufua nimchape. Mluguru ndiye anayemzika Mzaramo, hiyo haki yangu!"

Mie nikawa natazama chini. Naye akatazama ninapotazama.

Akanyamaza, Bibi Agata! Umewahi kuona? Makatambuga yako anayajua. Anajua kamba ile ya kushoto ulivyoifunga kwa waya. Na anajua wewe kiatu chako huazimi mtu. Akaja, akaweka mkono kichwani kwangu, mkono mzito unanuka moshi, akasema, "Lini?"

Nikasema, "Wakati wa mvua. Homa ya siku tatu."

Akasema, "Kaa chini mwanangu. Umetembea na njaa." Akanipa ugali, na mie niliyesema silii mbele ya wazungu nikalia ndani ya sahani. Yule bibi wa fimbo mbili akaja akakaa pembeni yangu. Hakuna aliyetoa kamera.

Asubuhi yake Bibi Agata akamfunga jogoo miguu, akanipa. Akasema, "Akafike kwake kwanza. Halafu uwapitie wenzangu. Usiwaache watu wanamsalimia mtu aliyekwenda." Lakini gari lilikuwa linatusubiri upande wa pili wa mlima, wageni wana ndege. Nikashuka nao. Kwa Mama Felista sikurudi. Kwa Mzee Mkude sikurudi. Mpaka leo wanajua mguu unapona.

Ulisema salamu ni amana, asiyezifikisha ni mwizi. Basi nazifikisha. Mzee Mkude anakusalimu sana, anasema kigoda kipo. Mama Felista anakusalimu, usile pilipili. Bibi Agata hakutuma salamu. Alisema tu, "Mwambie alale, nimemsamehe hilo la kutoniita."

Mjomba, Jumamosi napanda. Bila wageni, bila buti. Leo jioni namwambia mama yote, na akimaliza kunipiga nitamwomba twende wote. Nitatua mzigo kwa Mzee Mkude, nitakaa, nitaitoa habari kama ilivyo, hata akiniita mwongo mbele ya watu wake. Kisha kwa Mama Felista, na chupa yake nimrudishie. Jogoo napanda naye mpaka kwa Bibi Agata. Nitamchinja mwenyewe kwa bismillahi, tule wote, naye mtani wako akutukane mpaka achoke. Haki yake.

Baada ya hapo utakuwa umekufa kote, Mjomba. Nisamehe. Na kile kigoda, Mzee akiniambia nikae, nitakaa.

Lala salama. Makatambuga nimeyarudisha kwenye msumari, ila Jumamosi nayachukua tena. Safari hii nimekuomba.

Mpwa wako,
Idi, mwenye kilima