Tani Arobaini za Papa Chef

Kashikishi, Nchelenge, Zambia, tarehe 8 Juni 1998

Mpendwa Mama Arlène wa ushauri gazetini, nakuomba unishike mkono kabla ya Jumamosi tarehe ishirini, kwa sababu nina habari njema ya kuwafurahisha wanawake kumi na wanane wa Kabuta na siwezi kuisema, kila nikifungua mdomo naufunga tena, na mtu mzima wa miaka hamsini na minne hapaswi kutembea na habari njema tumboni kama mwenye minyoo. Jina langu usilitaje, huku wananiita Papa Chef na hilo latosha.

Mambo yalianza na mvua za mwaka huu, zilizopenya kwenye ghala la nyasi la chama cha wanawake wa samaki, na chisense, wale dagaa wetu wa Ziwa Mweru, wakaoza gunia baada ya gunia, na Mama Eneless mwenyekiti wao akalia mbele yangu, mwanamke ambaye sikumwona akilia hata alipomzika mumewe. Ndipo bwana mmoja wa Ndola, ambaye marehemu mkewe alikuwa mzaliwa wa Kabuta, akawapa bure behewa kuukuu la treni, sanduku refu la chuma la kubebea mizigo lililoachwa kule na treni za upande wetu wa Kongo, akasema lichukueni mfanye ghala, chuma hakipenywi na mvua wala panya, lakini liwe limetoka kwangu kabla Juni haijaisha, la sivyo nalikata na kuliuza vipande vipande. Basi ikabidi mtu aende kukisia gharama ya kulileta mpaka ziwani, ambako reli haijafika tangu dunia iumbwe, na Mama Eneless akanijia sokoni mbele ya watu.

"Ba Chef," akasema, "ile wago maandiko yake yote ni Français, na sisi hapa hakuna mutu wa kuisoma. Weye njo utaenda."

Hapa ndipo nakuungamia, Mama. Nilipovuka ziwa mwaka tisini na tatu, watu wa soko waliniuliza nilifanya kazi gani nyumbani, nikawajibu, "Nilikuwa chef kwa reli," na si uongo, nilikuwa chef wa jikoni, mpishi wa kantini ya wafanyakazi, bukari, yaani ugali, na maharagwe kwa watu mia mbili kila siku ya Mungu, lakini Wakongo wenzangu walisikia chef wakaelewa mkubwa, wakaanza kunisogezea kiti, nami sikuwasahihisha, tena nikaenda kwenye marundo ya salaula, yaani mitumba, kutafuta shati nikakuta kofia ya reli yenye ukanda mwekundu, nikaacha shati nikanunua kofia, na tangu siku hiyo naivua kanisani na kitandani tu.

Kwa hiyo nilifika Ndola na kofia yangu. Nikalizunguka behewa mara tatu, nikagonga gurudumu kwa jiwe kama nilivyokuwa nikiwaona mafundi kupitia dirisha la jikoni, nikatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo. Ubavuni limeandikwa kwa rangi nyeupe TARE 17 T, na chini yake CHARGE 40 T. La kwanza sikulijua, nikadhani ni alama ya kiwanda, la pili nikalijua vizuri, charge ni mzigo, na mzigo wa kusafirisha si ndio behewa lenyewe? Nikaandika tani arobaini. Nikampelekea Rodwell, yule mwenye malori anayeleta sabuni na sukari Nchelenge na kurudi na samaki, ambaye hutoza kwacha laki moja na themanini elfu kwa tani, akapiga hesabu ikafika milioni saba na laki mbili, akanionea huruma, akasema, "Papa, na lori yangu haitaweza, hapo ni kukodi trela ya kubebea katapila, na hiyo iko na bei yake."

Wanawake waliisoma karatasi yangu, wakaipitisha mkono kwa mkono, hakuna hata mmoja aliyeuliza kama nina hakika. Wana milioni mbili na nusu kwenye sanduku la chama. Wakaamua kuuza injini ya boti yao, injini waliyoilipa kwa miaka minne, inayowapeleka Kisiwa cha Kilwa kufuata samaki, na mnunuzi anakuja na pesa mkononi Jumamosi hiyo ya tarehe ishirini. Injini ikiondoka watarudi kupiga kasia, na baadhi yao wana magoti kama yangu.

Sasa sikia kilichotokea Alhamisi. Nilikuwa nampimia chisense Agnès, mnunuzi wa Pweto, maana kazi yangu sokoni ni kuuza samaki kwa mizani, nikapandisha beseni la chuma juu ya mizani likiwa limejaa, nikamsomea kilo, naye akashika kiuno. "Papa Chef, toa kwanza tara ya bassin! Unapenda nilipe chuma bei ya samaki?" Tara, Mama Arlène! Neno hilo nalisikia na kulisema kila siku kwa miaka mitano, uzito wa chombo kikiwa kitupu, ila sijawahi kuliona limeandikwa. Behewa ni beseni. Zile tani kumi na saba ndizo uzito wake, na arobaini ni samaki wake! Machozi yalinitoka pale pale kwenye mizani kwa furaha, Agnès akadhani nalilia zile kilo mbili za beseni, akasema basi Papa, leo usizitoe, nitazilipa. Nikapiga hesabu upya juu ya gunia: milioni tatu na elfu sitini. Pengo ni dogo, laweza kuchangwa, injini inabaki, tangu Alhamisi nimekuwa mwepesi kama mtu aliyepona malaria.

Lakini nitasemaje? Mkubwa gani wa reli asiyejua kusoma ubavu wa behewa? Nimewaza kusema Rodwell ndiye aliyekosea hesabu. Nimewaza kusema bei imeshuka. Nimewaza hata kumtumia yule mnunuzi ujumbe kwamba injini ina ugonjwa. Wanawake hawa wananiheshimu mno, kila harusi na kila msiba Mama Eneless huja mwenyewe na sufuria kubwa na kusema, "Ba Chef, maharagwe ni yako," hawampi mwingine, na heshima hiyo nikiipoteza sijui nitaishije hapa ugenini. Nifanye nini, Mama? Siku zinakwenda.

Mimi, Papa Chef wa Kashikishi

*

MAMA ARLÈNE ANAJIBU

Papa Chef, kwanza vua hiyo kofia. Umevua? Iweke mbali. Sasa tunaweza kuzungumza.

Gazeti hili litafika kwenu baada ya tarehe ishirini, kwa hiyo nakala ya jibu nimempa mwenye boti wa Jumatatu akuletee mkononi. Ukiipokea, usiseme hujaipokea, nakujua sasa.

Nimekucheka, sikufichi. Nimecheka mpaka mpiga chapa wetu akatoka kwenye mashine kuuliza kuna nini. Halafu nikakuhurumia, maana kuvuka ziwa na kuanza upya kwenye soko la watu si mchezo, na mtu akikusogezea kiti ni vigumu kumwambia amekosea. Halafu nikafika pale kwa Rodwell nikakasirika. Mtu amepiga hesabu sawasawa kwa namba mbovu uliyompa wewe, amekuonea na huruma juu yake, nawe unataka kumtwisha tani zako arobaini? Toa wazo hilo kichwani. Na injini nzima ya watu usiipe ugonjwa.

Kusoma vibaya si dhambi, Papa. Hata mimi nisingejua. Ubaya ungekuwa kunyamaza huku injini inapandishwa kwenye baiskeli ya mnunuzi, na huo bado hujaufanya, shukuru.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu hata hiyo milioni tatu yako ina kosa. Umehesabu magurudumu! Ghala la chisense linakwenda wapi na magurudumu, baba? Mmejenga reli Kabuta bila kutuambia? Hapa mtaani kwetu kuna mzee fundi wa reli, fundi kweli, hana kofia, nimekwenda kumuuliza. Anasema sanduku la behewa la namna hiyo limekaa tu juu ya magurudumu yake kwa uzito wake, likinyanyuliwa linatoka, na kwamba vyuma vya chini peke yake vinaweza kuwa nusu ya uzito wote. Tuseme mnabaki na tani nane au tisa. Kwa bei ya Rodwell hiyo ni kama milioni moja na nusu, na huenda lori lake mwenyewe likaweza, trela ya katapila waachie wenye katapila. Lakini apime urefu na upana kwa kamba, si kwa jicho, na asipimiwe na wewe.

Yule bwana wa Ndola mwambieni magurudumu yabaki kwake ayauze chuma chakavu, naye alipie winchi ya kupandisha sanduku kwenye lori. Ni mtu mwema, atakubali. Pantoni ya Chembe ya kuvukia Mto Luapula msiifikirie kabisa, zungukeni kwa Serenje na Samfya, ni mbali lakini mtafika na behewa, si na hadithi ya behewa. Kibali cha polisi cha mzigo mpana kiulizwe kabla lori halijawashwa, kikiulizwa barabarani kitakuwa na bei nyingine. Wekeni laki tatu pembeni kwa jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, maana lipo, lipo siku zote. Na Kabuta hakuna winchi: kushusha kutakuwa kwa magogo, minyororo na mikono ya watu hamsini, juu ya msingi wa mawe ulio tayari, kwa sababu chuma kikilala kwenye udongo wa ziwa kitaliwa kutoka chini na mvua za miaka mitatu. Ukijumlisha hayo yote, sanduku la chama linatosha, na injini haiendi popote.

Sasa hiyo siri yako kubwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, Papa Chef, nadhani wewe uliyeiandika hukuisoma hata mara moja. Mama Eneless alikutuma Ndola kwa sababu gani? Umeandika mwenyewe: maandiko ni Français, nawe unaisoma. Kuhusu ukubwa wako wa reli hakusema neno. Jambo hilo likanikera, nikamwita mpiga chapa wetu, yeye shule alisomea Mansa, Zambia, nikamuuliza, kwa Kiingereza chef ni mtu gani? Akajibu bila hata kuniangalia, "Mpishi." Basi! Wakongo wenzako pale sokoni walisikia Kifaransa, wakakusogezea kiti. Mama Eneless, Mzambia, alisikia Kiingereza. Ulimwambia kwa mdomo wako mwaka tisini na tatu kwamba ulikuwa mpishi wa reli, akakuamini, na amekuamini mpaka leo. Niambie, ni nani anayempelekea mkubwa wa stesheni sufuria ya maharagwe ya watu themanini na kumwambia ni yako?

Miaka mitano unailinda siri mbele ya wanawake waliokuwa wanaijua tangu siku ya kwanza. Heshima unayoogopa kuipoteza haikuletwa na ile kofia ya salaula. Ilitoka kwenye ile sufuria, na sufuria ipo.

Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Siku utakayopata karatasi hii nenda Kabuta kwa Mama Eneless kabla hujala, mwambie nilisoma vibaya, behewa lina uzito huu, magurudumu yanabaki Ndola, injini msiuze. Anza na injini, mambo ya kantini yatakuja yenyewe, na akicheka, cheka naye. Kisha mpelekee habari mnunuzi mapema asipoteze safari yake, na Rodwell umwombe msamaha ingawa hajui ulitaka kumfanyia nini. Wakongo wa sokoni waambie ukipata nafasi, lakini waambie. Agnès mlipe kilo zake mbili.

Na siku lori litakapoingia Kabuta na kile chuma, kofia ibaki nyumbani. Njoo na mwiko. Kutakuwa na watu hamsini wa kulishwa, na wote watakuwa wanakutazama wewe.