Jioni Thelathini na Nne za Mama

Tengeru,
Jumapili mchana

Dada Hedwiga,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na baridi ya huko Bergen iwe imeanza kulegea. Wagonjwa wako wodini wanaendeleaje? Huku tupo. Mvua haijatuachia, mlima hatujauona wiki nzima, na nyumba imekuwa kubwa mno tangu wageni wa msiba waondoke. Yule ng'ombe mweupe amezaa dume, kwa hiyo hata yeye hakutufurahisha sana. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningekata katikati nikasingizia mtandao, na nimeshausingizia vya kutosha.

Naanzia mwezi wa tatu, nilipokuarifu kwamba nimebadilisha intaneti, maana ile ya zamani ilizimika kila wingu likishuka. Fundi wa kampuni mpya alivuta waya kutoka barabarani, akafunga ruta yake, akaondoka. Siku hiyohiyo ukapiga kusema ukurasa wa kamera haufunguki, humwoni Mama. Nikakubishia, nikasema kwangu unafunguka, tena namwona Mama akipiga miayo. Kumbe simu yangu ilikuwa kwenye waifai ya nyumbani. Nilikuwa ndani ya nyumba nabishana na mtu aliye nje kwamba geti liko wazi. Kosa hilo huwa nawacheka nalo walimu wa chuoni kwetu kila muhula.

Nilizima waifai, nikaweka bando, nikaona ulichokuwa unakiona: ukurasa mweupe. Kompyuta ile ndogo kabatini, ambayo ndiyo seva yetu, ilikuwa nzima, na kamera ya sebuleni ilikuwa nzima. Ila ruta mpya ilikuwa imeipa kompyuta anwani nyingine, wala haikuwa na agizo la kumpeleka kwake mtu anayekuja kutoka nje. Jina la ukurasa nalo lilikuwa bado linaelekeza kwa kampuni ya zamani. Nikalirekebisha, wapi. Nikagundua kampuni mpya inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, nikapiga simu kuomba yetu peke yetu, nikasubiri siku mbili. Mambo hayo yote nilikueleza, nawe kwa uvumilivu wako ulikuwa unaitikia ingawa najua ulikuwa huelewi hata nusu.

Jambo ambalo sikukueleza ni jinsi nilivyokuwa nimechoka. Tangu kiharusi kimpige Mama mkono wa kulia, nilikuwa namwogesha, namvalisha, namlisha loshoro yake ya mahindi na maziwa mgando kijiko kwa kijiko, kisha nakimbilia kazini. Nikirudi nakuta simu yako. Sweta amevaa jana, mbona na leo? Mbona analishwa kwa bakuli la plastiki? Mbona saa saba hakukuwa na mtu sebuleni? Uliyasema kwa upole, sikatai, lakini ulikuwa unayasema kila siku. Nilifika mahali nikawa naingia sebuleni kwangu kama mwizi, naangalia kwanza ile taa nyekundu ya kamera.

Mama naye aliipenda taa hiyo. Unajua desturi yake: jioni, maziwa yakishakamuliwa, anaomba kilemba chake cha kanisani, nageuza kiti kielekee kamera, anakusalimia kwa Kimeru polepole na kukupa habari za migomba. Hakuacha hata ukurasa ulipozimika. Alijua tu kwamba upo upande ule.

Ijumaa ile kiharusi kilirudi, na hakikutupa nafasi. Nilielewa usingeweza kusafiri na hati zako zikiwa bado mikononi mwa serikali ya huko. Tulimzika kando ya Baba, kwenye migomba. Mchungaji alinishukuru mbele ya usharika wote kwa utunzaji wangu, na wewe kwenye simu ukalia kwamba hujamwona Mama tangu mwezi wa tatu, ukailaani ile kampuni. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Dada, kampuni haina kosa. Anwani yetu waliitoa siku ya tatu, saa nne asubuhi. Niliandika lile agizo kwenye ruta, nikatoka na simu hadi getini, nikafungua ukurasa kwa bando. Ulifunguka. Nilimwona Mama kitini, vizuri kabisa. Nilikuwa naanza kukupigia, mama mdogo Maria akashuka kwenye bodaboda kutoka kwake Sokon One. Hakunipa hata salamu. Alisema umemweleza kwamba namwacha mama yetu kama mzigo, kwamba umeona kwa macho yako. Akanisema mbele ya Mama, na Mama akalia kwa upande ule mmoja uliokuwa bado unalia.

Alipoondoka nilifungua ruta nikafuta lile agizo. Mstari mmoja tu. Nilijiambia ni kwa siku mbili, nipumue. Nikapumua kweli, na ndiyo maana siku mbili zikawa wiki tano. Mvua, nguzo, kifaa kinachosubiriwa kutoka Dar: yote niliyatunga mimi, na kila ulipouliza niliona aibu zaidi kukiri kuliko jana yake.

Jumatano nilikwenda kuichomoa ile kompyuta, nikakuta haikuacha kurekodi. Jioni zote thelathini na nne zimo. Nimelirudisha agizo, nenosiri ni lilelile, fungua utazikuta zimepangwa kwa tarehe. Kuna moja anakuelekeza namna ya kumkanda mtoto kifua. Kuna nyingine anacheka peke yake mpaka anakohoa, sijui alikumbuka nini.

Ya mwisho ni ya Alhamisi. Nimeona nikwambie kabla hujaisikia. Mama anageuka kuniangalia, anauliza kama Hedwiga anamwona, maana siku hizi humpigii kumwambia kilemba kimekaa vizuri. Mimi sionekani, ila sauti ni yangu. Ninamjibu kwamba unamwona, na hapo alipo unamchekea. Basi anainua mkono ule mzima, anakupungia. Anapunga mpaka mkono unachoka, anaupumzisha pajani, anaunyanyua tena.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama mdogo anakusalimu, naye bado hajui haya. Mwambie wewe ukitaka, au niagize nikamwambie mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Vaileth