Sindano ya Mafua

Mjukuu wangu Mghoi,

Huku Ronge hatujambo, na babu yako amemaliza kuvuna mahindi. Unauliza ufanyeje mgonjwa wa mafua akikulilia umpe antibiotiki hapo hospitalini.

Nilipokuwa nesi kijana huko Voi, mama mmoja alimsihi daktari mpaka akamwandikia mwanawe mwenye mafua sindano ya antibiotiki. Nikamdunga. Mtoto akavimba uso, akashindwa kupumua. Tulihangaika naye hadi akapata nafuu, na mama akatushukuru akilia.

Daktari akamwambia, "Usitushukuru, mama. Sindano yetu ndiyo iliyomdhuru, na mafua hayaponi kwa dawa ile."

"Mlijua?"

"Tulijua."

Akambeba mwanawe, akatugeuzia mgongo. Mpaka leo naona haya.

Mweleze mgonjwa wako, hata akinuna.

Nyanya yako akupendaye