Rupia chini ya kisiki

Jumapili

...na leo kiuno cha mume wangu kimepona ghafla, alhamdulillahi!

Tangu masika namsihi Baba Zuhura ang'oe kile kisiki cha mjohoro uani. Mama mkwe haoni vizuri, keshajikwaa hapo mpaka ukucha ukang'oka. Mume wangu jibu lake ni moja: "Kiuno, mke wangu."

Jana nikamnong'oneza jirani yangu Mwajuma kwamba Mjerumani alipokimbia Tabora alizika rupia pale kwenye kisiki chetu. Mwajuma hana kifua. Kufika magharibi mumewe alishamwambia wangu.

Alfajiri nasikia sururu. Mti ule aliupanda baba yake mwenyewe, Mjerumani akiwa keshaondoka zamani, na analijua hilo! Akachimba hadi mizizi, jasho chururu, ananikataza nisifungue geti. Kisiki kikatoka. Chini yake, mchwa.

"Wameshatuwahi," akasema, kwa uchungu kabisa.

Jioni mama mkwe amevuka ua bila kushikwa mkono. Macho yake bado yananitia hofu, lakini miguu yake salama.

Kesho nitamwambia Mwajuma kwamba rupia nyingine ziko nyuma ya banda la kuku. Pale ninapotaka shimo la choo.