Kutoka Barabarani hadi Mtoni

Kidugala
3 Mei 1953

Kaka Elieza,

Kamwene. Huku tu wazima, ila baridi imeanza kuuma masikio wakati wa sala ya asubuhi. Je, Makambako mnaota jua?

Kuna jambo sijapata kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Kila Ijumaa ya mdahalo shuleni hujifunga kitambaa shingoni na kujifanya nimekaukiwa sauti. Mwalimu Beatrisi ananihurumia, ananipa maji ya moto yenye asali. Sauti yangu haina ugonjwa. Naogopa macho ya watu.

Sikujali sana kwa sababu wewe ulikuwepo. Wakati wa likizo nilikuwa nikikaa benchi la nyuma mahakamani Njombe, nikikusikiliza ukimtafsiria Wakili Jivanji. Yeye akipiga meza kwa Kiingereza, wewe ulipiga meza kwa Kiswahili. Nikajiambia, nyumbani kwetu msemaji yupo, mmoja anatosha.

Sasa nasikia umemwacha, umehamia ofisi ya mawakili wa makampuni. Ni kweli? Na wale washtakiwa wa benchi la mbele, nani atawasemea?

Mdogo wako,
Tabea


Makambako
12 Mei 1953

Mdogo wangu Tabea,

Barua imefika, nami ni mzima, isipokuwa nimevalishwa tai na inaninyonga.

Ni kweli nimehama. Wakili Jivanji aliniaga kwa machozi, kisha akanikumbusha nirudishe kalamu yake. Hapa kwa Bwana Moresby hakuna anayepiga meza. Mtu akikohoa anaomba radhi. Siku nzima ni mashine ya chapa tu. Tunaandika mikataba kati ya kampuni ya miwati na wakulima watakaopanda miti hiyo ili wauze magome yake.

Una haki ya kuuliza, lakini usinihukumu upesi. Mahakamani tulifika nyumba ikiwa imekwisha kuungua, tukabishana nani alileta kijinga cha moto. Bwana Moresby anasema kazi ya hapa ni kuangalia moto ukiwa bado jikoni. Sijui kama ni kweli. Nataka kuona.

Kuhusu sauti yako, siri yako imefika kwangu na haitatoka.

Kaka yako,
Elieza


Makambako
9 Juni 1953

Mdogo wangu,

U mzima? Wiki nne bila neno. Au kule kukaukiwa kumeshuka kutoka kooni hadi mkononi?

Najua umenikasirikia. Hata hivyo nakutumia kazi. Huu ni mkataba wa kijiji chetu wenyewe, nimeutafsiri mimi. Wazee wameshakubali, watatia dole gumba tarehe 11 Julai. Wewe unasoma kila karatasi, hata iliyofungiwa chumvi. Soma, unionyeshe mahali ambapo Mama hataelewa.

Kaka yako anayesubiri,
Elieza


Kidugala
17 Juni 1953

Kaka Elieza,

Nisamehe kwa kimya. Nilikuwa nimekasirika kweli, na afya yangu ilikuwa njema muda wote.

Mama ataelewa kila neno, na hapo ndipo ubaya ulipo. Fungu la tatu linasema kila familia inaitengea kampuni shamba lake "kutoka barabarani hadi mtoni" kwa miaka kumi na mitano, na humo hakitapandwa kitu ila miwati. Kaka, kule chini mtoni kuna nini? Kuna vinyungu. Ni bustani za bondeni, za kina mama, zinazolimwa kiangazi wakati mlimani kumekauka. Kinyungu cha Mama kimo humo. Cha Mama Esteria jirani yetu kimo. Vyote vimo.

Najua ilivyotokea. Uliwauliza wanaume mashamba yao yanaishia wapi, nao wakajibu kama wanavyojisifu wakinywa ulanzi, "Langu linaanza barabarani, linaishia mtoni." Hakuna aliyesema uongo. Lakini hakuna aliyemuuliza mwanamke. Na wewe, uliyekua kwa mahindi ya kule bondeni, ukaandika.

Huu ndio moto wa jikoni, Kaka.

Mdogo wako,
Tabea


Makambako
26 Juni 1953

Mdogo wangu Tabea,

Salamu, na aibu yangu juu yake. Niliisoma barua yako nimesimama, halafu nikakaa.

Nilimpelekea Bwana Moresby. Akauliza, "Hao wanawake wana hati?" Nikajibu, "Wana mahindi mabichi, Bwana." Akacheka, mara ya kwanza tangu nije. Amekubali kuchapa upya fungu la tatu: "kutoka barabarani hadi mfereji wa juu wa vinyungu." Lakini wazee walikubali maneno ya zamani. Wasipoyapokea mapya siku ileile, yale ya zamani yatatiwa dole.

Mimi siwezi kuja. Desturi ya ofisi hii ni kwamba karani mwenye ndugu ndani ya mkataba hasogei mezani siku ya kutia dole. Karani mwenzangu Romanus atakuja na Bwana, naye ni mgeni, hajui kinyungu ni nini. Utakuwa likizo. Nimewaambia atakayewasomea watu mkataba ni wewe.

Vua kile kitambaa.

Kaka yako,
Elieza


Nyumbani, Njombe
13 Julai 1953

Kaka Elieza,

Mama anakusalimu na anasema tai isikuzuie kula. Sote tu wazima.

Nilisoma. Fungu la kwanza sauti ilitetemeka, la pili ikapotea. Mama Esteria akasema nyuma yangu, "Mwacheni ameze mate, hata jogoo huanza kwa kukwama." Watu wakacheka, nami nikapumua. Nikasoma la tatu.

Mzee Kornelio akasimama. "Shamba langu linaishia maji yanapoanza. Leo binti wa shule ananipunguzia?"

Nilitaka kukaa chini. Nikakumbuka unavyowauliza mashahidi, kwa upole.

"Baba, Krismasi iliyopita ulikula mahindi mabichi?"

"Nilikula. Nani hakula?"

"Mlimani yalikuwa yamefika wapi?"

Akapima kwa kiganja. "Magotini."

"Sasa uliyokula yalitoka upande gani, Baba? Barabarani au mtoni?"

 Mkewe, Letisia, akajibu kutoka kwa kina mama, "Mwaka huu tutampikia magome."

Alicheka hata Mzee Kornelio mwenyewe. Akasogea mezani, akasema, "Leteni wino, kabla hajaniuliza la Pasaka." Wakamfuata wengine wote. Fungu jipya ndilo lililotiwa dole. Hakuna kesi, Kaka, na hakuna aliyepiga meza. Sasa nimeelewa kwa nini ulihama.

Bwana Moresby alipoondoka nilikunja nakala yetu, nikaiweka ndani ya Biblia ya Mama. Nikamwandikia Mwalimu Beatrisi kwamba sihitaji tena asali, na kwamba aniandike kwenye mdahalo wa Ijumaa ya kwanza. Kisha nikachukua jembe, nikateremka mtoni, nikamsaidia Mama kusafisha mfereji wa juu hadi jua likazama.

Mdogo wako,
Tabea