Pikipiki Iliyotoka Kabla ya Mzazi

Mama Mwanaidi, mke wangu,

Ijumaa nilikuja kaburini kwako nikakusomea, lakini haya sikuyasema, watu walikuwa wengi. Nimeona niyaandike, na mwenye kutaka kuyasoma ayasome. Usicheke mwandiko. Herufi zenyewe tulizipata ukubwani, darasa la ngumbaru, mimi na wewe benchi moja, ukinipiga kiwiko kila nikiigeuza b ikawa d. Waliotucheka siku zile leo hawawezi kuandika hata majina yao. Mimi naandika.

Mwanaidi amejifungua mtoto wa kike. Tumempa jina lako, Zuhura. Paji la uso ni langu, watu wote wamesema.

Nilipomshika nilikumbuka arobaini yako ya Mwanaidi. Ulikuwa ndani, unakandwa maji ya moto, na Idi imekaribia. Bi Tatu jirani akaja kuazima cherehani yako, ana nguo za watu hazijashonwa. Mimi nikasema achukue, mzazi hashoni. Nilikwishainyanyua, na wajua nguvu zangu, nilikuwa nimeishika kwa mkono mmoja. Ukasema nyuma ya pazia, bila ukali wowote, "Baba Mwanaidi, iweke. Nikitoka niikute palepale."

Bi Tatu akakutania. "Haya, mwenzetu umezaa na cherehani."

"Ndiyo, pacha wake," ukamjibu.

Nikaiweka. Mimi niliyechimba kisima cha Mwera ambacho mpaka leo hakijakauka, sijawahi kuamrishwa na mtu, nikaiweka. Siku uliyotoka nje uliifunua kitambaa chake, na jioni Mwanaidi alikuwa na gauni.

Sasa sikiliza ya mwanao. Wewe hukuwahi kuyaona. Aliajiriwa na kampuni inayonunua mwani, akawa msimamizi wa wakina mama wanaoulima, kutoka huku kwetu mpaka Mkwaja. Wakampa pikipiki, na simu yenye laini ya kazi, na kadi ya bima. Asubuhi nilikuwa nakaa barazani makusudi. Akiiwasha tu nasema kwa sauti, wanaotoka msikitini wanisikie, "Huyo wangu huyo." Kuna wazee waliacha kupita njia yetu kwa kunichoka.

Mimba ilipokuwa kubwa akanisomea mkataba wake, maana nilimuuliza vitu hivi vitarudishwa lini. Akasema, "Havirudi, baba. Likizo ya uzazi ni likizo. Mimi bado mwajiriwa, na vifaa ni vyangu mpaka kazi iishe. Mwenzangu wa kiume akienda likizo yake ya mwaka, pikipiki inalala kwake." Nikaridhika. Nikawaambia na wa barazani.

Arobaini haijaisha, ikaja pikapu ya kampuni. Bibi mmoja wa ofisini na vijana wawili, wameleta doti ya khanga na sabuni za mtoto. Wewe ungefikiri nini? Wamekuja kumwona mzazi. Dada yangu Mwanasha akawapikia uji wa pilipili manga, nikaagiza na mkate wa sinia, nikawasimulia habari ya kisima chote, toka juu mpaka maji. Yule bibi akaingia ndani. Akampakata mtoto, akamwombea dua nzuri sana, kisha akaichukua simu kwenye mto wa Mwanaidi. Haya nilihadithiwa baadaye na Mwanasha.

"Hii tunakupumzisha nayo, mama. Ukirudi tutaona."

"Dada, mkataba wangu unasema inabaki kwangu," Mwanaidi akasema.

"Usijichoshe. Wewe nyonyesha."

Naye mzazi, atatoka mlangoni agombane na wageni mbele ya wanaume? Huku nje vijana wameniambia, "Mzee, pikipiki tunaondoka nayo." Mimi nikaona inakwenda gereji, mwenyewe akitoka aikute nzima. Mtu aliyekula uji wa mzazi wako utamdhania nini kingine? Nikawaita majirani waje kuipandisha. Gurudumu la nyuma nililishika mimi mwenyewe. "Taratibu jamani, hiyo ya bosi." Ilipoondoka nikaipungia mkono.

Kisha mtoto akapata homa. Mwanasha akambeba, tukafika hospitali, wakatuambia dirishani kadi haifanyi kazi, mwajiri ameisimamisha. Zuhura mdogo akatibiwa kwa kuomba huku na huku, mimi ambaye siombi.

Nikavaa kanzu ya Idi nikaenda Tanga ofisini kwao. Meneja ni kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimefuata vifaa vya mwanangu."

"Mzee wangu, si mlitukabidhi wenyewe? Hakuna aliyekataa. Mkatupikia na uji."

"Uji ule ni wa mgeni."

"Sisi tulielewa mmeridhia."

Nikamuaga kwa adabu, Mama Mwanaidi. Mimi. Nikatoka, nikaenda kwa afisa kazi. Yule akanieleza vizuri kwamba uzazi haukati ajira, haki anayo, aje afungue shauri. Nikarudi mbio na habari hiyo. Mwanaidi akanisikiliza mpaka mwisho, akamhamisha mtoto titi la pili.

"Nani atanishuhudia, baba? Mtaa mzima uliibeba."

Shauri hajalitaja tena. Nimempigia kelele, nimembembeleza, nimemwambia mimi nitasimama mbele ya hakimu yeyote. Ananiangalia tu, kama wewe siku zile za mwisho nilipokuwa nakuahidi utapona.

Pikipiki anayo kijana mwingine. Anapita nayo hapa barazani. Wakina mama wa mwani wakipiga ile laini anapokea yeye. Akinikuta anapunguza mwendo, "Shikamoo, mzee," nami naitikia marahaba, kwa kuwa salamu siwezi kuikataa. Ila sikai tena barazani asubuhi.

Juzi arobaini ikaisha. Mwanaidi akatoka uani na mtoto, akasimama pale pikipiki ilipokuwa ikilala. Doa la oili bado liko chini. Nimelimwagia mchanga, linarudi. Akauliza, "Baba, cherehani ya mama ingaliko?"

Iko palepale, chini ya kitambaa chake, kwa kuwa wewe ulisema nikasikia. Naye mwanao alisema. Mimi nilikuwa nje, nahadithia kisima.

Sasa hivi naandika naisikia chumbani, inakwama, inakwenda, inakwama. Ukiweza kumwombea, mwombee. Mimi nimebaki na maneno tu, na wajua yalivyo mengi.

Ni mimi mumeo,
Baba Mwanaidi