Akina Baba Walitoka Darasani

Nyaramba, Jumapili, tarehe 15 Juni. Leo ni miezi mitano tangu niondoke.

Mama Hamisi, salamu nyingi. Huku mvua haikosi alasiri na ndizi zimejaa, ila mchuzi wako wa nazi nauota tu. Mgongo unauma.

Ijumaa tulikuwa tukipiga plasta shuleni. Mwalimu mgeni aliwakusanya wazazi na watoto awafundishe mambo ya kubalehe. Alipotaja tu neno la kwanza, akina baba wote waliinuka wakatoka. Mwalimu akalia, akidhani wamelikataa somo. Mzee mmoja akaja kusimama karibu na karai langu. "Fundi, hatujakataa. Lakini nikae na binti yangu nikisikia hayo? Heri nife! Kwetu hiyo ni kazi ya nyanya na babu." Ndani, bibi mmoja akasema kwa sauti, "Futa machozi, mwalimu. Waoga wametoka, sasa tufundishe." Akina mama wakacheka.

Nilimkumbuka marehemu baba. Hakuniambia lolote, nikakuoa sijui kitu, nawe ukanicheka, kisha ukanifundisha taratibu. Siku zile nazitamani. Lakini umesema sauti ya Hamisi imekuwa nzito, na hana babu aliyebaki. Usikubali afundishwe na simu wala vijana wa maskani. Mimi babake nitakaa naye, hata nikiona haya.

Mungu awalinde nyote. Narudi mwezi wa nane, shule zikifungwa.